Koili za tanuri nilizouziwa Kariakoo: nenda na sumaku

Jina la duka naliacha. Niliomba koili, zile waya za kupashia tanuri la umeme, za chuma, kromi na alumini, zile ambazo wachomaji vyungu wengi tunaziita Kanthal hata zikitoka kiwanda kingine. "Orijino kabisa hizi, dada," nikaambiwa, nikalipa bei ya orijino.

Hazikumaliza hata msimu. Zilikatika katikati ya kuchoma glezi, ile ngozi ya kioo ya vyombo, tanuri linakaribia nyuzi 1,240, na mzigo wa mteja mzima ukaharibika. Ila kilichoniuma zaidi ni magamba. Waya ulikuwa umevaa ganda jeusi lenye ukijani, ukiligusa kwa ukucha linabanduka, na vipande vyake vilikuwa vimedondokea ndani ya vikombe vyeupe vikagandia kwenye glezi. Madoa yale hayatoki hata kwa msasa.

Ukijani ule ulinitosha kujua nimeuziwa nini: waya wa nikeli na kromi. Waya huo hujikinga kwa ngozi ya kromia, yaani kromi iliyoungana na oksijeni, na kromia ikipita nyuzi 1,000 hivi huanza kupotea hewani kama mvuke. Hata ule mzuri, nikeli 80 kwa kromi 20, mwisho wake ni kama nyuzi 1,200. Waya wenye alumini, asilimia 5 hivi tu, huota ngozi ya alumina, yaani alumini iliyoungana na oksijeni, madini yale yale ya yakuti. Ngozi hiyo hukua taratibu mno, oksijeni haipenyi kirahisi, na ikipasuka alumini iliyomo ndani ya waya huiziba upya. Wa daraja la juu huvumilia hadi nyuzi 1,400. Hicho ndicho nilicholipia!

Nikarudi na kipande na sumaku. Waya wenye chuma na alumini ukiwa baridi hunaswa na sumaku, huu haukunaswa. Yule kaka wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mama, tanuri lako bovu. Sisi tunauzia viwanda." Nikamwonyesha tena, sumaku inateleza tu. "Mambo ya sumaku peleka shuleni." Wateja wakacheka.

Nilikusudia kuandika nyota moja na kuishia hapo. Lakini haki isemwe, mzee mwenye duka alinipigia baadaye akanirudishia nusu ya pesa. Nusu! Na vikombe je?

Koili nilizonazo sasa nilizipata kwa muuzaji mwingine, nikazipima kwa sumaku kabla ya kutoa pesa, na nazipenda kwa moyo wote. Mara ya kwanza niliziwasha tanuri likiwa tupu, matundu wazi, nikalifikisha nyuzi 1,050 na kuliacha hapo masaa kadhaa ngozi iote. Zikatoka za kijivu, safi, hazibanduki kabisa. Ubaya wake ni kwamba zikishachomwa huwa kavu kama tambi mbichi: ukizikunja zikiwa baridi zinavunjika, kwa hiyo zipashe kwanza mpaka ziwe nyekundu. Na alumini ikiisha ndani ya waya, koili hufa ghafla. Ndiyo maana mimi nachukua waya mnene, wenye akiba kubwa zaidi ya alumini, hata kama ni ghali.

Lile duka ningelipa nyota mbili kwa ajili ya mzee. Ila nikikumbuka kile kicheko, hapana. Moja, na hiyo moja ni ya mzee, yule kaka hana chake.