Tiketi moja ya siku nzima au kulipia kila mchezo?

Huu ubishi wa viwanja vya burudani hauishi. Disneyland kule Marekani walianza 1955 na kiingilio kidogo halafu kila mchezo tiketi yake, ilipofika 1982 wakahamia tiketi moja ya getini. Kwa gharama, ukiwa na watoto wa kurudia kila bembea mara tatu tatu, tiketi moja inakuokoa, ila bibi aliyekuja kushika mabegi tu naye analipa kamili, inauma. Foleni sasa: mtu akishalipia vyote anapanga foleni hata kwa mchezo asioupenda, halafu unauziwa pasi ya kuruka foleni, yaani unalipa tena! Kulipia kimoja kimoja foleni inapungua, ila mkono hautoki mfukoni. Mnakaa masaa mawili tu? Lipieni mchezo mmoja mmoja. Mnashinda mpaka jioni, chukueni ya siku.