Cherehani imepona, hasira bado: uzoefu wangu na mafundi wa mjini Mwanza

Najua mko mbioni, kwa hiyo hukumu naitoa mapema: usipeleke cherehani yako pale. Au ipeleke, lakini usitoke dukani kabla hujafungua kila kibati na kuchungulia ndani, na kama una shemeji mwenye sauti nene nenda naye. Jina la duka silitaji. Ni maeneo ya Makoroboi, kwenye vurugu ile ya maduka ya zipu na nyuzi, na wenye tabia hiyo wala si wao peke yao. Atakayejiona ni yeye, basi ni yeye.

Mimi si fundi wa nguo. Nauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, naamka watu wamelala, na nikirudi Kitangiri jioni nina watoto watatu, baba yao na jiko. Nashona usiku, meza ikishafutwa na mikono ikishasuguliwa kwa limau, maana harufu ya dagaa kwenye shati jeupe la shule haina msamaha. Cherehani yenyewe ni ya mkono, Singer nyeusi ya mama yangu, ilivuka ziwa kutoka Nansio imeviringishwa kwenye khanga. Imeandikwa 15K. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Clydebank kule Scotland, ambacho kilifungwa mwaka 1980. Sisemi hivi kwa kujivuna. Nasema mjue kwamba kitu chochote cha asili kikitoka ndani ya mashine ile, mwenzake hatatoka kiwandani tena.

Watu hunicheka kwamba siku hizi kuna vya umeme, vidogo, vya plastiki, vimepangwa kwenye maduka kama vyote. Wacheke. Yangu haiulizi luku ina uniti ngapi. Mtoto wangu wa kati anazungusha mkono, mimi nabaki na mikono yote miwili kwenye kitambaa, na hapo ndipo ninapopata nafasi ya kumuuliza shule ilikuwaje.

Na inanilipa, jamani. Chukua mashati ya baba watoto. Shati zima linatupwa kwa sababu ya kola, na kola yenyewe imechakaa upande mmoja tu, pale kwenye mkunjo unaosugua shingo. Upande wa chini mpya kabisa. Unafumua ule mshono mmoja unaoishikilia, unaigeuza, unairudisha ndani, unapiga mshono juu ya alama zilezile. Shati linaishi tena. Sketi za shule nanunua zenye pindo kubwa, kila Januari naachia kidogo, na pale kwenye mstari wa pindo la zamani ambao hautoki hata ufue vipi napitisha mistari miwili ya uzi wa rangi ileile, mtu anadhani ni urembo. Mashuka ya mitumba nayafuata Mlango Mmoja jioni, si wakati wanafungua belo, maana asubuhi wanataka bei ya dukani. Shuka moja kubwa la pamba linatoa foronya, gauni la mtoto, na vipande vya bitana. Na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mabaki ya vitenge yanayofagiliwa kwa mafundi nayageuza mifuko ya sokoni; ndani naweka salfeti iliyooshwa ili dagaa wasichuruzike. Wateja wangu wengine wananunua dagaa na mfuko palepale.

Sasa mifuko ndiyo iliyonionyesha kuna tatizo. Ilianza kuachia mshono ikibebwa. Nikitazama kwa juu, uzi wa chini unachungulia, vidoti vyeusi juu ya kitambaa cheupe. Nikilegeza uzi wa juu ili zilingane, vidoti vinatoweka, lakini ukivuta kitambaa pande mbili mshono unafunguka na unaona nyuzi zimejipanga katikati zinakukenulia meno. Sindano mpya, bado. Uzi mzuri, bado. Kale kaskrubu kadogo kwenye kinyumba cha bobini, kile kikopo cha chuma kinachobeba kigurudumu cha uzi wa chini, nilikakaza mpaka kakagoma kuzunguka. Bado. Na zilikuwa zile wiki za mwisho kabla shule hazijafunguliwa, mafundi wote wa mtaani wamezidiwa, mimi mwenyewe nina sketi mbili za kuachia.

Ndipo nikaenda mjini.

Kupokelewa nilipokelewa kawaida tu, nisiseme uongo. Tukakubaliana elfu ishirini na tano, kusafisha, kupaka oili na kurekebisha mshono. Njoo kesho. Kesho yake, njoo kesho. Hayo sikuyachukulia uzito, fundi asiyesema njoo kesho mimi sijamwona tangu nizaliwe.

Siku ya kuichukua ndiyo yenyewe. Yule kaka wa mbele yuko kwenye simu. Namsalimia, ananyoosha kidole niketi. Benchi limejaa. Anamaliza simu, anahudumia kaka mmoja mwenye mashine ya kiwandani, anahudumia wa pili, wa tatu, wote wamenikuta pale. Nasimama. Anaisukuma cherehani ya mama yangu kwa mguu kutoka chini ya meza. Kwa mguu! Kisha anasema elfu arobaini.

Nikamwambia tulikubaliana ishirini na tano.

"Kulikuwa na kazi."

Kazi gani?

"Ya kiufundi, mama. Hutaelewa."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyatoa. Mimi ninayejua kugeuza kola, ninayejua sindano namba 11 ya kitambaa chepesi na 16 ya jinzi, ninayeishi na mashine hii tangu nikiwa na umri wa kuzungusha mkono wake mimi mwenyewe, sitaelewa. Sikujibu. Niliiinua juu ya meza yake, juu ya madaftari yake na chai yake, nikavuta kile kibati cha pembeni, nikachomoa kinyumba cha bobini.

Kilikuwa kinang'aa. Kipya. Cha mama kina herufi ya jina lake aliyoikwangua kwa msumari, maana zamani kule Nansio majirani walikuwa wanaazimana vipuri na kurudishiana visivyo vyao. Hiki hakina herufi, hakina mkwaruzo, hakina lolote.

Nikauliza changu kiko wapi. Akasema hatujabadilisha kitu. Nikamwonyesha. Akasema basi kama kimebadilishwa ni kwa faida yako. Nikamwambia sasa mbona umesema hamjabadilisha? Akawageukia wale wa kwenye benchi, akasema, "Mama anashonea chupi za watoto chumbani, anataka vipuri vya makumbusho." Wakacheka. Na wewe uliyekuwa na mfuko wa vifungo mkononi, ulicheka kuliko wote, nilikuona.

Nyuma ya duka kulikuwa na binti, mikono myeusi kwa oili, amefunga kitenge kiunoni. Alikuwa hajasema neno. Akasimama, akaja na kopo la maziwa ya unga. "Shikamoo mama. Hiki hapa kitakuwemo." Akamwaga lile kopo mezani: skrubu, springi, meno ya mashine, vinyumba vya bobini vya watu wa Mwanza nzima. Tukachambua wawili. Kikaonekana, na herufi yake.

Hapo mimi nikasema tujaribu mbele ya wote. Kipimo hiki mama alinifundisha na hakihitaji cheti: unaweka bobini yenye uzi ndani ya kinyumba, unashika ncha ya uzi, unakiacha kining'inie. Kikiwa sawa kinabaki hewani. Ukishtua mkono kidogo kinashuka kidogo, kinasimama. Kisiposhuka kabisa kimekaza mno. Kikiporomoka, uzi haushikwi.

Nikaning'iniza kipya. Kikabaki hewani. Nikashtua mkono, kikashuka kama upana wa vidole viwili, kikasimama.

Nikaning'iniza cha mama. Kikaporomoka mpaka mezani.

Nikazidi kukasirika. Kwa sababu ilikuwa kweli! Yule binti akawasha tochi ya simu, akanionyesha kile kibati chembamba kinachoubana uzi kwa nje: uzi umepita palepale miaka na miaka mpaka umechimba mfereji kwenye chuma. Uzi ukishapata mfereji unapita humo bila kubanwa, hata ukaze skrubu mpaka mwisho. Ndiyo maana uzi wa juu, wenye nguvu zaidi, ulikuwa unauvuta wa chini mpaka unatokeza. Ndiyo maana nikilegeza wa juu nyuzi zote mbili zinakuwa hazina nguvu na mifuko inaachia. Akasema kibati peke yake kingeweza kubadilishwa, lakini vya kuuza kimoja kimoja hakuvipata, kinyumba kizima ndicho kinachopatikana, na kwa bahati vinyumba vya mashine za Kichina za aina hii vinaingia kwenye Singer 15 kama yangu bila shida. Alinieleza kwa muda mfupi kuliko muda ambao kaka yake, au bosi wake, sijui, alitumia kwenye simu.

Ni hilo tu nililokuwa nalitaka. Nililielewa vizuri sana, tena nikiwa nimesimama na mtoto wa jirani niliyekuja naye ananivuta sketi anataka maji.

Duka la tatu kutoka hapo kinyumba cha namna ileile wanauza elfu tano, nilikwenda kuuliza nikarudi. Ishirini na tano na tano ni thelathini. Nikaweka thelathini mezani. Akazitazama, akazichukua, akasema nichukue na chuma changu. Risiti hakutoa. Binti nilimpa elfu mbili ya soda mkononi mwake, si mezani.

Sasa nisiwe dhalimu. Usiku ule nilishona. Inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mshono uko sawa juu na chini, nimevuta kitambaa kwa nguvu zangu zote na haufunguki. Sketi mbili ziliisha kabla baba watoto hajamaliza taarifa ya habari. Mfuko wa majaribio nimeujazia dagaa kilo tano na kuubeba kutoka Mwaloni hadi nyumbani kwa miguu, haukuachia hata tundu moja la sindano. Safi ndani, oili imewekwa panapotakiwa, na ni oili ya cherehani. Jirani yangu aliwekewa mafuta ya kupikia na fundi mpita njia, yakaganda, mashine ikagoma kuzunguka. Kwa kazi ya mikono ile ningetoa nyota tano bila kusita. Niliandika kabisa nne mahali fulani nikafuta.

Mama nilimpigia nikamweleza yote, nikitegemea tukasirike pamoja. Akauliza, "Inashona?" Inashona. "Basi weka hicho kingine kabatini, ulale." Mama yangu si mtu wa kumtegemea kwenye ugomvi.

Lakini kwa nini kipuri changu kiwe kwenye kopo lao? Kipuri kibovu kilichotoka kwenye mashine yangu ni changu, kibovu hivyohivyo. Mbona gereji za magari mtu anarudishiwa plagi zake za zamani kwenye karatasi? Wale wote ambao vinyumba vyao vimo kwenye lile kopo, waliambiwa? Au nao waliambiwa hawataelewa? Na bei ile ya arobaini, wangapi walitoa tu kwa aibu ya benchi?

Kwa hiyo kama ni lazima uende, piga picha kila kitu kabla hujakabidhi: kinyumba cha bobini, kibati cha sindano (kile cha chini chenye tundu inapopita sindano), mguu, gurudumu, vyote, kwa ukaribu. Mwambie aandike bei kwenye karatasi. Mwambie unataka vilivyotolewa. Na nenda saa saba, yule wa mbele anakwenda kula, binti anabaki. Mpe yeye mkononi. Hata ukimkuta amebanwa, msubiri, nakuhakikishia atakutazama usoni akikuongelesha.

Nilikuwa nimeamua nyota tatu na nimalizie hapo. Nikainuka kuitazama mashine ili niandike vizuri kuhusu kibati cha sindano, na sasa hivi ninavyoandika nimeona kwamba kibati kile kinashikwa na skrubu mbili, moja nyeusi ya zamani, na nyingine nyeupe, kichwa chake hakijafika hata chini, kimesimama kitambaa kinakwaruza pale. Nyeusi ya pili sijui iko kwenye kopo gani. Nyota moja. Kesho nikishamaliza Mwaloni naenda na harufu yangu ya dagaa hivyohivyo, na sitakwenda saa saba.