Bodi za elektroniki za darasani: uliza swali hili kabla hujatoa hela

Mwezi wa pili nilinunua bodi kumi za aina ya Arduino Uno, vile vikompyuta vidogo vya kujifunzia programu na elektroniki, pale Kariakoo, kwa ajili ya klabu ya sayansi ya shuleni kwetu. Shilingi 480,000, fedha ya michango ya wazazi. Kila boksi lilikuwa na bodi, waya wa bluu wa USB, bredibodi (kibao cha kuunganishia nyaya bila kulehemu), taa za LED za rangi tatu na sensa ya umbali yenye macho mawili. Nyumbani nilizijaribu moja moja kwenye laptopu yangu, zote zikafanya kazi. Alhamisi nikaingia nazo maabara ya kompyuta na wanafunzi 38 wa kidato cha pili. Wakachomeka. Taa za bodi zikawaka, darasa likashangilia, na mambo yakaishia hapo. Kwenye kila kompyuta, ukifungua orodha ya vifaa, unakuta maneno "USB2.0-Serial" na pembeni yake alama ya mshangao ya njano.

Kipindi ni dakika 40. Nilizimaliza zote nikizunguka meza hadi meza, nachomoa, nachomeka. Kengele ilipolia, msichana mmoja wa meza ya dirishani aliirudisha bodi yao kwenye mfuko wake, akaukunja mdomo wa mfuko taratibu kama ulivyokuja, akanikabidhi. "Madam, labda wiki ijayo itatuona." Ilichukua wiki tatu.

Tangu nisimulie mkasa huu, walimu wengi wameniandikia wakiuliza wanunue bodi gani, hasa tangu mtaala mpya uanze 2024 na shule kuanza kufikiria mkondo wa amali. Karibu wote wananiuliza kasi ya prosesa, ukubwa wa memori na idadi ya pini. Hayo sitayagusa. Kuwasha taa, kupima joto la chumba, kuhesabu watu wanaopita mlangoni: bodi zote nitakazozitaja zinayaweza bila kutoa jasho. Swali ninalotaka uondoke nalo ni hili: je, kompyuta ya shule yako, ile isiyo na intaneti na yenye nywila usiyoijua, itaitambua bodi hii ukiichomeka tu?

Nieleze kilichonikuta. Chipu kuu ya Arduino Uno, ATmega328P, haijui kuzungumza USB. Kwa hiyo pembeni yake, karibu na tundu la waya, huwekwa chipu ya pili ya kuwa mkalimani kati yake na kompyuta. Kwenye Uno R3 orijino mkalimani huyo anaitwa ATmega16U2, na Windows 10 inamfahamu tayari. Kwenye nakala nyingi zinazouzwa mjini amewekwa CH340, chipu ya bei nafuu ya kampuni moja ya Nanjing, China. CH340 si chipu mbovu. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi kompyuta inahitaji draiva, yaani programu ndogo ya kuiwezesha ielewane nayo. Laptopu yangu ya nyumbani ina intaneti, ikaitafuta draiva kimya kimya na kuiweka bila kuniambia. Kompyuta za shule hazikuwa na pa kuitafuta. Nilipokuja na faili kwenye flashi, zikataka nywila ya msimamizi, na aliyekuwa nayo ni fundi aliyezifunga mwaka juzi, ambaye siku hizo alikuwa safarini Morogoro.

Kuitambua ni rahisi. Shika bodi, tazama upande wake wa juu, karibu na tundu la USB. Ukiona chipu ndogo ya mraba, huyo ni 16U2. Ukiona chipu ndefu ya mstatili yenye miguu safu mbili, nane huku na nane kule, una CH340, hata kama boksi limeandikwa Italia kwa herufi kubwa. Kama umeshanunua, usizitupe. Tafuta faili linaloitwa CH341SER, ni dogo, liweke kwenye flashi, mpate mwenye nywila, ulisakinishe kompyuta moja baada ya nyingine. Fanya hivyo Jumamosi. Usifanye mbele ya watoto.

Kuna mtego wa pili kwenye njia hiyo hiyo, nao ni waya. Zile nyaya za buku mbili zinazouzwa kwenye mataa ya Magomeni nyingi ni za kuchaji tu. Ndani yake kuna nyuzi mbili za umeme, wakati kupitisha data kunahitaji nyuzi nne. Bodi itawaka, utadhani mambo safi, na kompyuta haitaona kitu wala kuonyesha alama yoyote. Jaribio lake ni la dakika moja: unganisha simu yako na laptopu kwa waya huo. Simu ikikuuliza kama unataka kuhamisha mafaili, waya ni mzima. Ikichaji tu bila kuuliza, uache hapo hapo dukani. Uno ya R3 ina unafuu hapa, maana inatumia waya wenye kichwa cha mraba kama wa printa, na huo ni nadra kuukuta wa kuchaji tu. Bodi zinazotumia micro USB ndizo zinazoteseka.

Sasa nizipange.

Ya kwanza: BBC micro:bit V2

Sifichi, hii ndiyo bodi yangu, na ningekuwa na uwezo kila shule ya Temeke ingekuwa nazo. Ilitengenezwa Uingereza kwa ajili ya darasa tangu mwanzo. Mwaka 2016 waligawiwa watoto wa darasa zima la umri wa miaka 11 na 12, bodi zilizokaribia milioni moja. Toleo la pili likatoka mwishoni mwa 2020 likiwa na spika na maikrofoni.

Ukiichomeka, kompyuta inaiona kama flashi. Ndiyo, flashi. Inatokea pale pale panapotokea flashi yoyote, imeandikwa MICROBIT. Mwanafunzi anaandika programu yake, anapata faili lenye kiishio cha hex, analiburuta na kulidondosha humo. Taa ndogo ya nyuma inapepesa, ikitulia programu imeanza kazi. Huhitaji draiva wala nywila, na fundi anaweza kubaki Morogoro. Programu ya kuandikia, MakeCode, ipo ya kusakinisha kwenye Windows ikafanya kazi bila intaneti. Mimi niliipakua nyumbani nikaipeleka shuleni.

Niliazima sita kutoka kwa mwalimu mwenzangu wa shule nyingine. Ndani ya dakika kumi na tano kulikuwa na moyo unaodunda kwenye zile taa 25 za mbele, na yule msichana wa dirishani alikuwa ameshaugeuza wake kuwa herufi za jina la mdogo wake. Hapo hatujagusa waya hata mmoja, maana vitufe, kipima joto, dira na kipima mwendo vyote vimo ndani ya bodi. Kwa darasa la watoto 38 hilo ni kubwa mno. Kila kifaa cha nje unachoongeza ni waya mwingine wa kulegea.

Kasoro ninazijua. Matundu makubwa ya kubania waya ni matano tu, na mawili kati ya hayo ni ya umeme. Mota haiendeshwi moja kwa moja, lazima uongeze bodi ya pili. Tundu lake ni micro USB, na mtoto akivuta waya kwa kuupinda ataling'oa, kwa hiyo mimi nafundisha kuchomoa kabla ya kufundisha kuchomeka. Ikishapokea programu inatembea kwa betri mbili ndogo za rimoti, na hilo limetuokoa umeme ulipokatika katikati ya kipindi.

Ya pili: Raspberry Pi Pico

Hii nayo inaonekana kama flashi. Unashikilia kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka waya, inatokea RPI-RP2. Unaiwekea MicroPython, lugha ya programu inayotembea ndani ya bodi, mara moja tu, halafu unaandika kwa Thonny, programu ya bure isiyohitaji intaneti ikishasakinishwa. Kwenye Windows 10 haina haja ya draiva. Kwa kidato cha tatu na cha nne wanaotaka kuandika msimbo wa kweli, ningeichukua bila kusita. Nunua ile ya H, iliyokwisha kulehemiwa pini. Za kawaida hazijalehemiwa pini, na kulehemu pini 40 kwa bodi kumi ni wikiendi yako yote. Pia usiipe volti 5 kwenye pini zake za data, inatumia 3.3. Sensa nyingi za umbali zinazouzwa na vifurushi ni za volti 5, na zinaweza kuiua.

Hapa nina dukuduku. Pico ilitoka Januari 2021 kwa dola 4. Ile yenye waifai ilifuata 2022 kwa dola 6. Naelewa meli, ushuru, kodi ya pango na faida ya mtu. Lakini niliulizia katika maduka matatu siku moja, na bei ya kwanza niliyotajiwa ilikuwa shilingi 45,000, kwa bodi isiyolehemiwa, bila waya. Nilipojitambulisha kuwa mwalimu, kijana akaniambia, "Dada yangu, shule zina bajeti." Shule yetu ina maabara yenye feni moja.

Ya tatu: Arduino Uno orijino

Ni imara, tundu lake halivunjiki kirahisi, na mafunzo yake yamejaa kila mahali. Ni bodi nzuri yenye asili ya chuo cha Ivrea, Italia, 2005. Ila ni ghali kuliko micro:bit, na haina hata kitufe kimoja cha kuchezea mtoto zaidi ya kile cha kuiwasha upya, kwa hiyo kila somo linaanzia kwenye bredibodi na nyaya. Inafaa chuo cha ufundi, au klabu ya watoto kumi wenye muda.

Zilizobaki

Nakala za Uno za CH340: nunua tu kama una nywila ya msimamizi mkononi. ESP32: mara nyingi mkalimani ni CH340 au CP2102, yaani shida ile ile, na waifai yake haina kazi kubwa kwenye maabara isiyo na intaneti.

Wawili wameniuliza kuhusu printa ya 3D. Nasema kwa upendo, bado. Kijisanduku cha kuwekea micro:bit kinachapwa kwa saa kadhaa, na kipindi ni dakika 40. Plastiki ya PLA, inayotumika kuchapia, inafyonza unyevu, na hewa ya Dar mnaijua: baada ya muda inatoa milio midogo kwenye ncha ya moto na kuacha nyuzinyuzi kama utando wa buibui, usipoihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Printa ya Creality Ender-3 inaweza kuendelea ilipoishia umeme ukikatika, lakini kitanda, yaani sahani inayobeba kazi, kikishapoa kazi huwa imeshabanduka. Mkipata mahali penye intaneti, wafundishe kuchora kwenye Tinkercad, tovuti ya bure, halafu peleka michoro miwili mitatu kwa mtu mwenye printa mjini akuchapie.

La mwisho ni risiti. Mhasibu wa shule hapokei karatasi ya mkono, anataka risiti ya EFD, na yuko sahihi. Dukani utatajiwa bei, utakubali, utahesabu hela, ukiomba risiti unaambiwa hiyo ilikuwa bei ya bila risiti, ongeza asilimia 18. Hiyo ni VAT, ilipaswa kuwa ndani ya bei tangu mwanzo. Mimi sasa swali langu la kwanza mlangoni ni hilo, kabla sijauliza kama bodi zipo. La pili ni kama nitaruhusiwa kufungua boksi. Walioniuzia zile kumi walikataa: "Ukifungua umenunua." Niliporudi na malalamiko wakaniambia bodi ni nzima, tatizo ni kompyuta yangu.

Wiki ijayo naenda tena, safari hii kutafuta micro:bit nane. Nimeomba ruhusa ya mkuu wa shule kubeba kompyuta moja ya maabara, laptopu ya zamani isiyo na intaneti, na nyaya zangu mbili nilizozijaribu. Nitachomeka bodi pale pale kwenye kaunta. Neno MICROBIT likitokea kwenye skrini, natoa hela.