Bango la taa za kutembea: miezi 7 juu ya kibanda cha supu ya pweza Mtwara, hali halisi

Haya wanakusini wenzangu na nyie wote mnaonitazama mkiwa mbali, habari za jioni. Hapa ni Mtwara kuchele, nimesimama ng'ambo ya barabara kwa makusudi ili mlione hili bango vile anavyoliona mpita njia, maana video nyingi za haya mabango mtu anasogeza simu karibuuu, rangi zinacheza, muziki juu, wewe unaona raha unatuma hela. Mi nataka mlione kutokea huku. Lile pale juu ya kibanda cha dada yangu, mstari wa juu SUPU YA PWEZA, wa chini CHAPATI, na pembeni taa zinazunguka kote. Tulilifunga mwezi wa kumi, minada ya korosho ndo inaanza na mji una hela, likanyeshewa masika yote, na sasa hivi kusi imeanza kuvuma. Miezi 7 hiyo, kwa hiyo sikwambii habari za siku ya kwanza.

Kabla sijaendelea, hiyo mistari myeusi mnayoiona inapanda na kushuka kwenye taa, hiyo ni kamera yangu jamani, kwa macho haipo. Hizi taa zinapunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima mamia ya mara kwa sekunde moja, jicho haliwahi, kamera inawahi. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu alirudisha bango kwa fundi akidai bovu, kumbe aliliona bovu kwenye simu tu.

Tuje kwenye chombo chenyewe. Hii sio ile ya maandishi yanayopita kama ya kwenye basi, ile inatengenezwa kwa vipande vinaitwa P10, kila kipande sentimita 32 kwa 16. Hii ni ya pikseli. Fundi anachukua alukobondi, lile bao jembamba la alumini lenye plastiki katikati, hapa ni nusu ya karatasi, mita 2.44 kwa 0.61, anachora herufi anatoboa matundu ya milimita 12, kila tundu anachomeka kitaa kimoja kwa nyuma. Hapa ziko taa 400, na kila moja ndani yake ina nyekundu, kijani na bluu, na ina kichipu chake kinaitwa WS2811. Hicho kichipu ndo mpango mzima. Kontrola, yaani kile kiboksi kinachoziamuru taa, inatuma taarifa kwa waya mmoja, taa ya kwanza inachukua ya kwake, zilizobaki inazipitisha kwa ya pili, nayo inachukua yake inapitisha, hivyo hivyo mpaka mwisho, kama foleni ya kupokezana ndoo kisimani. Ndo maana rangi inaweza kutembea, kwa sababu kila taa inaambiwa ya kwake peke yake. Na ndo maana pia taa moja ikifa katikati, zote za nyuma yake zinanyamaza au zinaanza kuwaka ovyo. Hilo lishikeni, tutalirudia, kwa sababu limetukuta.

Sisi tulilipa laki tano na nusu pamoja na kufunga. Sio hela ndogo kwa mtu anayeuza supu, dada aliiweka kidogo kidogo miezi mingi, kwa hiyo nililifuatilia hili bango kwa uchungu kabisa, hela ile naijua ilivyopatikana.

Sasa kosa la kwanza, na hili sio la taa, ni la mtindo wa kucheza. Lilipokuja lilikuwa limewekewa mitindo ya kila namna, herufi zinajiandika moja moja, halafu zinamwagika rangi za upinde wa mvua, halafu zinapigapiga kama flashi, halafu zinafutika, halafu giza kidogo, ndo zinaanza tena. Watu walisimama wakatazama, watoto walifurahi, mimi mwenyewe nilifurahi. Wiki mbili mauzo yako vile vile. Nikaja nikakaa hapa hapa niliposimama nikawa nahesabu. Bodaboda akitokea pale kwenye mwembe mpaka anapita kibanda ni sekunde 5, na hapo anakwenda taratibu, maana spidi ya 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Mzunguko mzima wa bango ulikuwa sekunde 20. Yaani mtu anapita anasoma SUPU YA halafu basi, keshapita, au anakuta giza, au anakuta upinde wa mvua usiosomeka. Jamaa mmoja wa bodaboda anapita kila siku nilimuuliza pale panauzwa nini, akanijibu pale si wanarusha mpira? Alidhani banda la mpira! Nilisikia vibaya sana, laki tano na nusu ile.

Tukamwita fundi tukamwambia vitu viwili tu. Maneno yasizimike hata sekunde moja, rangi itembee ndani ya herufi polepole, kama wimbi, na kukimbia kukimbie kule pembeni kwenye fremu. Hiyo mitindo inatengenezwa kwenye kompyuta, inawekwa kwenye memori kadi, kadi inachomekwa kwenye kontrola, basi. Kwenye kontrola yenyewe kuna vitufe vya kubadili mtindo na spidi, kwa hiyo spidi unaweza kupunguza mwenyewe, ila mtindo mpya lazima fundi. Ile fremu inayokimbia ndo inamfanya mtu ageuze shingo, akishageuza anakuta maneno yako wima yanamsubiri. Toka tumebadilisha hivyo watu wanaingia wanasema nimeona bango. Kwa hiyo ukienda kuagiza, mwambie fundi toka mwanzo, usisubiri akuletee ya upinde wa mvua.

Na ile ya kupigapiga kama flashi waambieni waitoe kabisa. Mwanga unaopiga zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kumwamshia mtu kifafa, na hapa ni barabarani, kuna watoto, kuna dereva anatoka gizani, na jirani dirisha lake liko pale. Hii kwangu haina mjadala.

Haya, umeme. Wengi mnaogopa LUKU. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inakula kama wati 0.3, zikiwa 400 ni wati 120. Lakini rangi zikitembea haziwaki zote kwa pamoja kwa nguvu hiyo, nilipima nikapata kama wati 45. Dada anawasha saa 12 jioni anazima saa 6 usiku, masaa 6 hayo, ni yuniti 0.27 kwa siku, yuniti 8 na kidogo kwa mwezi, ukiweka yuniti ni mia tatu hamsini na kitu haifiki elfu tatu. Kwa mwezi mzima! Balbu moja ya zamani ya wati 60 ingekula zaidi ya hapo.

Kinachoua haya mabango ni pawa saplai na chumvi, hapo ndo nataka mnisikilize vizuri.

Pawa saplai ndo ile ya bati lenye matundu, inachukua umeme wa ukutani inautoa volti 5. Pembeni yake nyingi zina kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa 110 na 220. Angalia kabla hujachomeka, kiwe kwenye 220, kikiwa 110 ukachomeka umeme wetu utasikia pah na harufu, na hela imekwenda. Pili, ile sio ya kukaa nje. Taa zenyewe zimemiminiwa gundi ngumu, utaona zimeandikwa IP67 au IP68, namba ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Pawa saplai ya matundu ni IP20, hiyo sifuri maana yake haina kinga ya maji kabisa, hata manyunyu. Fundi wetu alikuwa ameifunga nyuma ya bango, wazi! Nikamwambia hapana kaka, ishushe chini ya paa, iweke kwenye boksi la plastiki, toboa matundu upande wa chini ipumue. Sio mjuaji mimi, ila nimezaliwa pwani hapa, najua bati linavyoliwa.

Maana chumvi ya huku sio mchezo. Skrubu za kawaida alizofungia, mwezi wa tatu zilishaanza kushusha machozi ya kutu kwenye alukobondi nyeupe, tumezitoa zote tukaweka za stenlesi. Zile plagi ndogo za kuunganisha mkanda mmoja wa taa na mwingine, nilipofungua moja nikakuta shaba imeota ukijani. Kwa hiyo watu wa Mikindani, Lindi, Kilwa, Shangani huku, na wewe uliye karibu na maji popote, mwambie fundi aunganishe kwa kulehemu kwa risasi, avishe mpira wa kubana, apake silikoni juu. Wa Masasi na Newala nyie mna nafuu kwenye chumvi, vumbi ndo lenu.

Kuna kitu kingine kinawachanganya watu, dada mmoja wa saluni alinitumia video, bango lake mwanzo wa herufi ni jeupe zuri, mwisho limekuwa la machungwa, anauliza taa feki? Sio feki mama. Umeme wa volti 5 ukitembea kwenye waya mwembamba mrefu unapungua njiani. Nyekundu inaridhika na volti 2 hivi, bluu na kijani zinataka kama 3, kwa hiyo umeme ukipungua bluu ndo ya kwanza kulegea, inabaki nyekundu nyekundu. Dawa yake fundi avute waya mnene kutoka pawa saplai apeleke umeme na kule mwisho, hata katikati pia, asitegemee upande mmoja. Bango la taa 400 lililolishwa upande mmoja tu, likatae. Na hiyo bluu msiione hivi hivi, taa nyekundu ya LED ilikuwepo toka miaka ya 60, bluu ya kung'aa imewasumbua wataalamu mpaka miaka ya 90, Wajapani walioipata, Akasaki, Amano na Nakamura, wamepewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Bila wao hili bango lingekuwa jekundu na kijani tu.

Alafu kwa wenye biashara ya chakula, hili hakuna fundi aliyetwambia. Mvua za kwanza zilipopiga, kumbikumbi walikuja wote kwenye bango, wanadondoka kwenye sufuria, dada anafunika anafunua, wateja wanahama. Wadudu wanafuata zaidi mwanga mweupe na wa bluu, wa njano na nyekundu wanaufuata kidogo. Tukaweka mtindo wa njano nyekundu tupu, na bango tukalisogeza pembeni mita 2 lisiwe juu ya jiko. Hawakuisha, ila supu ilinywewa.

Wanaouliza kuhusu neon, ile ya bomba laini iliyokunjwa maandishi, ile ya sasa ni silikoni yenye LED ndani, sio neon ya gesi kama aliyoonyesha Georges Claude kule Paris 1910. Nzuri ndani ya saluni au ukutani kwenye mgahawa, inapendeza kwenye picha kuliko hii, ila nyingi zina rangi moja na hazitembei. Nje barabarani mi nabaki na pikseli.

Na ukubwa wa herufi, haraka haraka, herufi ya sentimita 25 inasomeka vizuri kabisa kama mita 30, zaidi ya hapo bado inasomeka ila sio kwa urahisi ule. Maneno yawe machache. Dada alitaka aongeze JUISI YA MABIBO na namba ya simu, nilimkatalia. Na bango la biashara linaweza kuwa na malipo yake, ulizia ofisi ya serikali ya hapo kwako kabla hujatoboa ukuta.

Kwa hiyo je ningenunua tena? Ndio, la fundi wa hapa hapa ninayeweza kumwita, kwa masharti niliyoyasema. Lililofungwa kiwandani ukalileta na basi kutoka Dar likaja kufa hapa, nani atalifungua?

Sasa njooni karibu niwaonyeshe lile la taa kufa. Juzi mvua ya mwisho mwisho, CHAPATI ikabaki CHA, herufi nne za mwisho giza. Nimelishusha, nyuma ni hivi, mnaona nyaya tatu, chanya, hasi na wa taarifa. Anayekufa ni yule wa kwanza kwenye giza, au yule wa mwisho anayewaka maana anaweza kuwaka mwenyewe akashindwa kupitisha kwa mwenzake, kwa hiyo usimkate mmoja ukakata tamaa. Nimeshambadilisha wa gizani, bado. Nakata huyu anayewaka, umeme nimezima, mmeona. Mpya huyu hapa, kuna kimshale kwenye kichipu, kielekee taarifa inakokwenda, ukigeuza haitawaka. Risasi kidogo... mpira... silikoni nitapaka baadae. Dada, washa! Washa hapo ukutani!

Haya ile pale. P... A... T... I. Imefika mpaka mwisho.