Miche ya vetiva kwa kingo za mto: nyota 4 kati ya 5

Kama ukingo wako unamegwa na maji ya mvua yanayotiririka kutoka shambani, anza na vetiva, nyasi ndefu inayoota kwa vichaka, kabla ya kufikiria saruji. Mizizi yake huenda chini wima, mita 2 hadi 3 ndani ya mwaka udongo ukiwa mzuri. Mashina yakishashikana, maji hupunguza kasi na tope hutuama nyuma ya mstari badala ya kuingia mtoni.

Tatizo huanzia kitaluni. Mchaichai hufanana nayo sana, hasa majani yakiwa yamekatwa. Fikicha jani: likinukia limau, umeuziwa kiungo cha chai, na mizizi yake ni ya juujuu. Anayekuuzia mbegu za vetiva mpite. Aina inayopandwa kuhifadhi udongo huzalishwa kwa kugawa mashina.

Miche ya mizizi mitupu, isiyo na udongo, ni nafuu na inatosha sehemu ya juu ya ukingo, mradi ifike imefungwa kwenye gunia bichi na ipandwe ndani ya siku chache. Karibu na maji lipia ya viriba, yaani iliyooteshwa kwenye mifuko ya udongo, maana mto ukijaa kabla mizizi haijashika, ile mitupu inang'oka. Kila kichaka kiwe na mashina 2 au 3, majani yakatwe yabaki sentimita 20.

Panda mvua zinapoanza, sentimita 15 kati ya mche na mche, mistari ikifuata kontua, yaani ikikata mteremko kwa usawa uleule. Ukingo wa mita 50 wenye mistari 4 unataka miche kama 1,340. Ongeza asilimia 10 ya kuziba mapengo. Usiidharau hiyo asilimia. Pengo moja hukusanya maji yote ya mstari, na hapo ndipo korongo linapozaliwa. Ng'ombe wasiguse miche michanga.

Nyota moja imepotea kwa sababu mbili. Chini ya miti vetiva hudhoofika, kivuli haikiwezi. Ya pili ni kubwa zaidi: kwenye kona, mto hula kitako cha ukingo kutoka chini, na udongo wa juu huporomoka pamoja na mistari yako. Hapo tanguliza mawe makubwa au magabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), msingi wake uchimbwe chini ya kina ambacho mto hufukua, kisha vetiva ifuate juu yake.