Nilivyodai fidia kwa mtoa huduma wetu wa wingu

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mtoa huduma wetu wa wingu, yaani kampuni inayotukodisha seva na hifadhi ya data kupitia mtandao, anaahidi upatikanaji wa asilimia 99.9 kwa mwezi. Ukipiga hesabu, amejiachia nafasi ya kukatika dakika 43 hivi katika mwezi wa siku 30. Hapo sina ugomvi, mitambo huharibika. Ugomvi wangu ni asubuhi ile mfumo wetu wa malipo ulipogoma. Hifadhidata ilikuwa inajibu, ndiyo, ila maombi ya malipo yalikawia mpaka programu ya mteja inakata yenyewe. Mtu anabonyeza kulipa, duara linazunguka, linazunguka, halafu ujumbe wa kosa. Simu za malalamiko zikawa haziishi.

Nikadai fidia. Wengi hawalijui hili: fidia haiji yenyewe. Wewe ndiye unayeidai kabla muda wa kudai haujaisha, na ushahidi unauleta wewe: saa, seva zilizoathirika, kumbukumbu za makosa. Nikapeleka vyote, vimepangwa vizuri. Nikapigwa danadana kutoka tiketi hii ya malalamiko hadi ile, kila mara mtu mpya ananitaka nianze kueleza upya. Mwisho jibu likaja: huduma haikukatika, ilipungua kasi tu. Mkataba wao unahesabu dakika ya kukatika pale tu maombi yote yanaposhindwa kwa dakika nzima. Likipenya hata moja, basi kwao kulikuwa shwari.

Na kipengele hicho nilikipinga tangu mwanzo! Tulipokuwa tunajadiliana niliomba kiandikwe upya, ucheleweshaji ukizidi sekunde fulani uhesabiwe kuwa ni kukatika. Meneja wa akaunti yetu akasema waraka huo ni mmoja kwa wateja wote, haubadilishwi hata nukta. Safari hii nilipompigia kumkumbusha mazungumzo yale, akanijibu kwa sauti kavu: "Mlisaini. Kama hamridhiki, soko liko wazi." Kisha kimya, anasubiri nikate simu.

Hata pole hakuna! Kwa mteja anayelipa kila mwezi bila kuchelewa.

Tena hata wangekubali, tungepata nini? Asilimia 10 ya bili ya huduma ile moja iliyoathirika, na si pesa mkononi, ni salio la kupunguza bili ijayo. Mauzo yaliyopotea ni shauri lako, na mkataba unasema wazi kwamba zaidi ya salio hilo huna cha kudai.

Lakini nisiwadhulumu. Wahandisi wao wa zamu ni watu wa maana. Kuna usiku hifadhi ya data ilitugomea, mmoja wao akakaa nasi kwenye simu mpaka kukakucha, anaeleza kila hatua, hana haraka wala dharau. Kwa yule ningewapa nyota zote tano.

Halafu mkataba ukakaribia kujirefusha. Usipowaandikia mapema kwamba hutaki, umefungwa tena kwa kipindi kingine. Tukapeleka barua ya kutorefusha. Meneja yule yule akapiga simu, sauti laini, habari za familia. Waraka usiobadilishwa hata nukta ukarudi umebadilishwa: ucheleweshaji sasa unahesabiwa, na ada ya kutoa data tukihama imefutwa. Hiyo ya ada hata si hisani kubwa. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya inapiga marufuku kumtoza mteja ada za kuhama kuanzia Januari 2027, kwa hiyo wanajua upepo unavumia wapi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwaambia wakimbieni. Nikiusoma mkataba mpya naona ni mzuri, mitambo yao ni imara, na kuhamisha hifadhidata kubwa ni kazi ya kuumiza kichwa. Nyota tatu, labda nne. Lakini kumbe iliwezekana siku zote! Kipengele kile kile, mtu yule yule aliyeniambia hakibadiliki. Alikuwa ananidanganya huku ananitazama usoni, na wateja wetu wakalipia uongo wake. Nyota moja, na ni ya yule mhandisi.

Barua ya kutorefusha hatujaiondoa.