Riwaya za mapenzi ya kale kwa mabinti zetu: kabla ya hadithi angalia mgongo

Desemba mtoto wa dada yangu alipata kipaimara. Yuko kidato cha tatu, anasoma bweni huko njia ya Marangu, na nilivyomuuliza anataka zawadi gani hakutaka saa wala viatu, akasema mamdogo niletee kitabu cha mapenzi ya zamani, yale ya magauni marefu na farasi na watu kuandikiana barua. Nikafurahi jamani. Nikashuka mjini Moshi nikamnunulia Jane Eyre, 22,000, jipya, lipo ndani ya nailoni, kwenye kava kuna mdada kageukia dirishani. Januari akaondoka nalo.

Pasaka karudi, namuuliza vipi kitabu, ananiambia kizuri sana ila hatujui kiliishaje. Hamjui vipi na mmekisoma? Akakitoa kwenye begi. Aisee. Kimefungwa na mpira wa nywele ili karatasi zisimwagike, mgongo umebaki gundi kavu inapukutika ukiigusa, na kurasa za mwisho kama arobaini hazipo kabisa, zilianza kuachia moja moja tangu Februari, nyingine zimeanguka kwenye foleni ya maji, nyingine hawajui. Bweni zima walikuwa wanapokezana hicho kitabu, na kila aliyefika mwisho aliishia pale yule mchungaji St John anamkazania Jane waoane waende wote India kwenye umisionari. Amekubali au amekataa? Hawajui. Wanabishana mpaka leo.

Toka siku hiyo nimekuwa nakagua migongo ya vitabu kama mtu anayenunua ng'ombe. Maana kila anayekushauri umnunulie binti kitabu gani anaongelea umri, kama Kiingereza ni kigumu, kama kuna sehemu za aibu. Hayo utauliza mwenyewe, mwalimu wake atakwambia, mimi sitarudia hapa. Kinachosahaulika ni kwamba riwaya ya mapenzi inaishi kwa kurasa zake za mwisho, na za mwisho ndo za kwanza kung'oka. Alafu kitabu cha binti wa bweni hakisomwi na mtu mmoja, kinasomwa na mabinti thelathini, chini ya shuka, kimekunjwa nyuma kama gazeti.

Kwahiyo ukikishika kitabu fanya hivi. Kitazame kwa juu, pale karatasi zinapoingia kwenye mgongo. Ukiona vifungu vifungu vimejikunja kama madaftari madogo yamepangwa pamoja, fungua katikati ya kifungu kimoja utafute uzi. Ukiuona uzi, kimeshonwa, lipa uondoke. Usiridhike na vifungu peke yake, vingine vinakuwa na vifungu vizuri ila vimebandikwa tu, tafuta uzi. Ukiona karatasi zimekatwa zimenyooka, moja moja, zimezama kwenye gundi, hiyo ni gundi tupu, na gundi ikikauka inakuwa ngumu, inapasuka kila ukifungua. Hapo sasa angalia mambo mawili. Unene, kwasababu kitabu cha kurasa mia moja kitavumilia gundi ila cha mia tano hakivumilii. Na nafasi nyeupe upande wa ndani, kwasababu maandishi yakizama mgongoni msomaji anakikandamiza kwa nguvu aone mwisho wa mstari, na hapo ndo kinapasuka. Lile la kwetu lilikuwa na makosa yote, nene, gundi, maandishi yamezama, na nadhani lilikaa dirishani linapigwa jua miezi maana kava upande mmoja lilikuwa limepauka, mimi nikafikiri ndo urembo.

Namba moja kwangu, na sibadilishi, ni vitabu vya Everyman's Library. Jalada gumu la kitambaa, kimeshonwa kwa uzi, cha sasa kina na utepe wa kuwekea alama. Hawa walianza London mwaka 1906, kampuni ya J. M. Dent, na wakati ule waliuza kitabu shilingi moja ya Kiingereza ili mtu wa kawaida nae awe na maktaba yake nyumbani, na mimi nawapenda kwa hilo hata kama bei ya sasa sio hiyo tena. Ninayo Pride and Prejudice yao ya zamani, ndogo inaingia kwenye pochi, niliikuta kwenye rundo la mitumba pale soko la Memorial hapa Moshi kwa 3,000, kitabu kimemzidi mama yangu umri na hakijaachia hata karatasi moja. Jane Eyre wanayo pia. Vipya utaagiza, mimi nililipa 60,000 kwa kimoja kilicholetwa na mtu kutoka Nairobi na bado nasema ni rahisi kuliko 22,000 niliyotupa.

Na hiyo Pride and Prejudice mpeni binti wa Kichagga muone. Jane Austen aliitoa 1813 lakini kisa ni kihamba kitupu, yaani shamba la ukoo. Mzee Bennet ana mabinti watano, Elizabeth ni wa pili, hana wa kiume, na sheria ya ile mali inasema akifa inaenda kwa ndugu wa kiume, Collins, kwahiyo mama anahangaika usiku na mchana kuwaozesha wanae kabla hawajatolewa kwenye nyumba. Nani hapa Kilimanjaro hajawahi kukaa kikao cha ukoo akasikia hayo hayo? Binti yangu wa miaka kumi na sita alisoma kurasa chache akaniuliza, sasa Elizabeth kwanini amkatae Collins wakati angebaki na nyumba? Tulikaa na hilo swali mpaka chai ikapoa. Jane Eyre nayo ina shule ya bweni, Lowood, wasichana wanapewa uji ulioungua asubuhi, mtoto wa bweni huna haja ya kumfafanulia hapo.

Namba mbili, Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, Mkuki na Nyota, 1999. Najua wengi mtasema hicho ni cha mtihani kidato cha tano na sita, kwani cha mtihani hakiwezi kuwa cha mapenzi? Ni Zanzibar ya Mwingereza, Yasmin msichana wa Kihindi anaozwa angali mdogo kwa Raza, mzee mwenye duka, anakimbia ile ndoa, anakuja kumpenda Denge ambae anasakwa na polisi kwa ajili ya siasa za kudai uhuru. Hamna farasi hapo ila mapenzi ya kale yapo, ya kwetu, kwa Kiswahili kitamu ambacho binti hahitaji kamusi ya Kiingereza kukifuata. Nakala yangu nilinunua nikiwa kidato cha tano, imepita kwa wadogo zangu wawili na majirani, imechakaa kona lakini mwisho wake upo. Ningempa wa miaka kumi na sita kupanda.

Namba tatu ni Oxford Bookworms kwa wale wa kidato cha kwanza na cha pili ambao Kiingereza bado kinawapiga. Ni gundi, lakini ni vyembamba kwahiyo vinahimili. Vina ngazi zimeandikwa wazi kwenye kava, kuna Starter alafu ya kwanza mpaka ya sita, Little Women iko ngazi ya nne, msamiati wa maneno 1,400, Jane Eyre ngazi ya sita, 2,500. Ila jueni ni hadithi iliyosimuliwa upya kwa kufupishwa, asije akadhani amesoma chote akaacha kile kikubwa.

Kwa mabinti wakubwa, kumi na saba na kuendelea, ningeweka Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, 2020. Hamza anarudi pwani kutoka jeshi la Mjerumani ameumia mguu, anampenda Afiya, msichana aliyewahi kupigwa mpaka akavunjwa mkono kwasababu alijua kuandika. Vita ile, ya kwanza ya dunia, ilipita hapa hapa kwetu, Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, na watoto wetu hawaijui. Ina machungu, ndo maana nasema wakubwa.

Za fotokopi za stendi za 5,000, usinunue. PDF za simu, bweni hamna simu.

Sasa turudi kwenye nailoni, maana hapa ndo roho inaniuma. Wauzaji mnafunga kitabu nailoni, mteja akitaka kufungua mnamwambia ukifungua umenunua. Nguo naipima, tikiti nalipiga kofi nisikie, embe nalibonyeza, kitabu cha 22,000 ndo nikinunue nimefumba macho? Nilirudi pale dukani na kile kilichochanika, kijana akaniambia mama, kitabu sio sufuria kwamba kitadumu. Nikamwambia sufuria ya hiyo bei ningeachia wajukuu. Hakunirudishia hata mia. Na stika ya bei walikuwa wameibandika juu ya maandishi ya kava, ukiibandua inatoka na rangi. Mama anaekaa juani Mbuyuni na ndizi zake, hiyo 22,000 anaitafuta siku ngapi, alafu mwanae asome kitabu kisicho na mwisho? Tukatae jamani. Mwambie afungue nailoni mbele yako, akikataa nenda duka la pili.

Kama tayari mnacho cha gundi msikitie selotepu, inanyonya vumbi na inang'oka na maandishi. Kipelekeni kwa fundi wa kubaindi kabla hakijaenda shule, wale wanaotengeneza rejista za kanisa, wanatoboa pembeni ya mgongo wanapitisha uzi wanaweka kitambaa, mimi Arusha nilitozwa 4,000 na kazi ilikuwa nzuri. Ila nafasi ya ndani iwe ya kutosha, la sivyo uzi utameza maneno.

Shule zinafungua Julai na natafuta Jane Eyre ya Everyman ya zamani. Nimeshaongea na kaka mmoja wa mitumba pale Memorial, belo jipya likifunguliwa akiikuta ataiweka chini ya meza anipigie, na nimemwambia akague mwenyewe kurasa za mwisho zipo, kuanzia pale St John anapouliza.